Chakula na vinywaji vya safari ya kuvua Ziwa Victoria: nini kinunuliwe kwanza na nini kiachwe nchi kavu

Mtu wa mjini anayealikwa kwenda kuvua kwa mara ya kwanza hufungasha kama anayekwenda kwenye sherehe. Mimi mwenyewe niliwahi kushuka mwaloni, mahali boti za uvuvi zinapoegeshwa, nikiwa na hotipoti ya pilau, bakuli la kachumbari na soda sita, ilhali wavuvi niliokuwa nikisafiri nao walibeba ndoo moja yenye mfuniko na dumu la maji la lita 20. Kabla ya saa nne asubuhi kachumbari ilikwishamwagikia nyavu, pilau ilikuwa ikinuka petroli, nami nilikuwa natafuna viazi vikavu nilivyogawiwa kwa hisani.

Tangu siku hiyo kila ninachotaka kununua kwa ajili ya safari hukipima kwa maswali manne. Je, kinaliwa bila moto? Je, kinaweza kuliwa na mtu ambaye mikono yake ina utelezi wa samaki, chambo na mafuta ya injini, na ambaye mkono wake mmoja umeshika kamba? Je, kitastahimili jua pamoja na maji yanayorushwa na mawimbi? Na je, kitabaki salama kwa muda gani iwapo upepo utawachelewesha kurudi? Utamu ni swali la tano, na mara nyingi majibu ya manne ya kwanza hulimaliza.

Maji kabla ya chakula

Fedha ya kwanza itoke kwa ajili ya maji. Jiji la Mwanza, lililo upande wa Tanzania wa ziwa hili, liko takribani nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua la mchana linampiga mvuvi kutoka juu na kumrudia tena kutoka kwenye uso wa maji, huku upepo ukikausha jasho kabla mwenyewe hajatambua kuwa anatoka jasho. Kwa kutwa nzima ya kuvuta nyavu au kupiga kasia, kadiria lita 3 hadi 4 kwa kila mtu. Kwa usiku mmoja lita 2 hutosha, nawe ongeza kidogo kwa ajili ya dharura, kwa sababu injini huzimika bila kupiga hodi.

Chaguo ninaloliweka la kwanza ni maji ya bomba yaliyochemshwa nyumbani, yakapoa, yakatiwa ndani ya dumu safi. Gharama yake ni mkaa au gesi tu, dumu hurudi nalo nyumbani, na hakuna chupa zitakazoelea ziwani. Angalizo ni moja: nunua dumu jipya, au lililokuwa na mafuta ya kula na likaoshwa kwa maji ya moto na sabuni. Dumu lililowahi kubeba petroli halisafishiki kwa namna yoyote, hata muuzaji akikuapia, na njia rahisi ya kulitambua ni kulifunga, kuliacha juani kwa nusu saa, kisha kulifungua na kulinusa.

Chaguo la pili ni maji ya chupa ya dukani. Ukiyachagua, nunua chupa kubwa badala ya zile za nusu lita, kwa kuwa lita moja ndani ya chupa ndogo hugharimu zaidi na vifuniko vingi zaidi hupotea. La tatu ni vidonge vya klorini kutoka duka la dawa, ambavyo ni vyepesi na vinafaa sana kwa safari ya siku kadhaa, mradi maji yachujwe kwanza kwa kitambaa safi yakiwa na tope, kipimo cha kwenye pakiti kifuatwe, na maji yaachwe kwa nusu saa kabla ya kunywewa.

Linalobaki ni lile ambalo wengi hulifanya bila kulinunua, yaani kuchota kikombe ziwani. Wapo watakaokwambia kwamba maji ya katikati ni safi kwa sababu yako mbali na watu. Ni kweli kwamba konokono wanaoeneza kichocho hukaa zaidi kwenye kina kifupi na majani ya ufukweni, lakini vimelea vya homa ya matumbo na kipindupindu havina mpaka uliochorwa majini, na boti hizohizo zinazofika katikati hazina choo. Kuna jambo jingine ambalo watu wa Ghuba ya Mwanza hulifahamu kwa macho: nyakati fulani maji huwa ya kijani kama rangi iliyomwagwa. Kijani hicho kinaweza kuwa cha viumbe wadogo wanaotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Maji ya namna hiyo yasinywewe hata kama jiko lipo.

Pamoja na maji, nunua pakiti mbili au tatu za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Ni bei ndogo kuliko soda, na kwa mtu aliyetapika kwa sababu ya mawimbi zina thamani kuliko chakula chote kilichomo ndani ya ndoo. Zikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji safi hufanya kazi hiyo, mradi vijiko viwe vya kusawazisha, visiwe vya kujaza mlima.

Matobolwa na karanga hushika nafasi ya kwanza

Wasukuma walikwishalijibu swali la chakula cha safari kabla ya kuwapo biskuti. Viazi vitamu huchemshwa, hukatwa vipande, kisha huanikwa juani hadi vikakamaa, navyo huitwa matobolwa. Hukaa miezi bila kuharibika vikiwa vikavu, havipondeki, havimwagiki, havihitaji sahani, na utamu wake huzidi kadiri unavyovitafuna. Ukivitia ndani ya kikombe cha chai ya rangi kwa dakika chache vinalainika na kuwa mlo kamili.

Sokoni uwe mwangalifu usije ukauziwa michembe ukidhani ni matobolwa. Michembe ni viazi vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, kwa hiyo lazima vichemshwe kabla ya kuliwa, na kwenye mtumbwi usio na moto vitakuwa mzigo tu. Michembe huwa myeupe na yenye unga kwa juu. Matobolwa huwa na rangi iliyokolea na hung'aa kidogo. Ukiwa na shaka, omba kipande utafune. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakunyima.

Karanga ndizo zinazoyakamilisha matobolwa, kwa kuwa viazi vina nguvu ya haraka na karanga zina mafuta na protini zinazozuia njaa isirudi baada ya saa moja. Nunua zilizokaangwa siku hiyohiyo, na zikague. Karanga iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi au chungu mdomoni huenda ina sumukuvu, ambayo huharibu ini na haiondolewi kabisa kwa kukaanga. Hapa haifai kubania shilingi: muuzaji anayechambua karanga zake na kuuza ghali kidogo ndiye wa kumwendea.

Nafasi ya pili ninawapa dagaa wa kukaanga, na najua wapo watakaocheka kwamba mtu apeleke dagaa ziwani. Lakini ziwa halitoi ahadi, na dagaa waliokaangwa wakakauka vizuri wakatiwa chumvi na pilipili kidogo huliwa kwa kudokoa bila kuchafua chochote. Ukiwanunua wakavu ambao hawajakaangwa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, ili ukaange mwenyewe, uliza walianikwa wapi. Waliokaushwa kwenye vichanja huwa safi na wenye rangi ya fedha. Waliokaushwa mchangani hubaki na chembe zinazosaga meno, na sehemu kubwa ya hao huishia kwenye chakula cha kuku. Tia kiganja ndani ya gunia, wainue, kisha uangalie kinachobaki mkononi.

Mayai ya kuchemsha yanafuata. Ganda lake ni kifungashio ambacho hakuna kiwanda kinachokishinda, ila libaki bila kumenywa hadi dakika ya kula, na yai lenye ufa liliwe kabla ya kuondoka. Kwa joto la huku, yamalizwe siku hiyohiyo. Kwenye kiwango hichohicho ninayaweka machungwa, hasa yanayotoka kisiwa cha Ukerewe msimu wake unapofika, kwa sababu yanashibisha kidogo, yanakata kiu na yana ganda la kukulinda dhidi ya mikono yako mwenyewe. Ndizi mbivu ni nzuri pia, lakini zikikaliwa na nanga hazina mjadala.

Chapati na maandazi vinafaa kwa safari ya kutwa moja, mradi vipoe kabisa kabla ya kufunikwa, kwa kuwa mvuke uliofungiwa ndani huvilowesha na kuvichachusha. Muhogo wa kuchemsha hushibisha vizuri lakini uliwe kabla ya adhuhuri. Mkate ninauweka chini zaidi kuliko wengi wanavyotarajia: hunyonya kila harufu iliyo karibu nao, na kwenye boti yenye injini harufu iliyo karibu ni moja tu. Biskuti zibebwe kama akiba.

Wali, pilau na maharage viko mwisho kabisa. Sababu haiko kwenye uzito wa hotipoti peke yake. Wali uliopikwa ukikaa katika uvuguvugu kwa saa nyingi huzalisha bakteria ambao sumu yao huendelea kuwapo hata ukipashwa moto, na kutapika au kuharisha ukiwa kwenye mtumbwi wenye watu wanne ni jambo ambalo sitalieleza zaidi. Kula wali wako nyumbani, ushibe, ndipo ushuke mwaloni.

Usiku wa dagaa

Uvuvi wa dagaa una mahitaji yake. Hufanyika katika usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, kwa taa zinazowavuta dagaa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Kazi yenyewe ni kusubiri kimya kwa muda mrefu na kuvuta kwa nguvu kwa muda mfupi, na baridi ya saa nane usiku katikati ya ziwa humshangaza kila anayedhani kwamba Mwanza ni joto tu.

Kwa usiku wa namna hiyo, kitu cha thamani kuliko vyote ni chupa ya chai iliyo imara. Ikague dukani kwa kuijaza maji ya moto na kushika ubavu wake baada ya dakika kadhaa. Ukipata joto, iache hapohapo. Ndani yake, kwa maoni yangu, uji mwepesi wa ulezi unaishinda chai, kwa kuwa unapasha moto na kulisha kwa pamoja, na hauhitaji kutafunwa na mtu ambaye tumbo limechafuka kwa mawimbi. Chai ya rangi yenye tangawizi inafuata kwa karibu sana, na tangawizi yenyewe husaidia kupunguza kichefuchefu. Chai ya maziwa huchacha mapema, hivyo ibaki mgahawani.

Mkienda kukaa kambini

Safari ya siku kadhaa kwenye kambi ya kisiwani hubadilisha orodha, kwa sababu moto upo na samaki wapo. Kinachonunuliwa Mwanza kabla ya kuvuka ni unga, mafuta, chumvi, sukari, vitunguu na ndimu, kwa kuwa kisiwani kila kitu kilichopanda boti kimepanda bei pia. Unga wa muhogo uliovundikwa, ule wa udaga, ndio wenyeji wengi wa Ukerewe waliozoea kuusonga na ndio nitakaoubeba kwanza. Unaofuata ni sembe. Dona ina lishe zaidi kuliko sembe, lakini kiini cha mahindi kilichomo ndani yake kina mafuta yanayoifanya ichachuke mapema, kwa hiyo inunuliwe ya siku chache tu. Mboga za majani hazisubiri, nazo ziliwe siku ya kwanza.

Soda, vinywaji vya kuchangamsha na pombe

Soda moja baada ya kazi haina neno, ila haihesabiwi kuwa ni maji. Vinywaji vya kuchangamsha vilivyojaa kafeini na sukari vimeenea mialoni, na mvuvi aliyekesha huvipenda, lakini mchangamko wake ni wa mkopo, na deni hudaiwa wakati wa kurudi, nyote mkiwa mmechoka. Kikombe cha kahawa kinatosha.

Pombe haimo kwenye orodha hii kwa nafasi yoyote. Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba mwezi Machi 2017, lakini vichupa vidogo bado huingia mifukoni. Pombe hupoteza mizani, hupoteza joto la mwili, na humfanya mtu asimame mara kwa mara kwenye ukingo wa boti kujisaidia, akiwa na giza mbele yake na maji chini yake. Nahodha ana haki ya kuikagua ndoo yako, nami nikipanda boti ambayo nahodha haikagui, hushuka.

Ndoo hiyo iwe ya lita 10 au 20, yenye mfuniko unaobana, na matobolwa yakae chini, mayai juu, yote yakiwa yamefungwa kwa kitambaa safi. Mifuko ya plastiki ilikwishapigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na ziwani haikuwahi kufaa hata ilipokuwa halali, kwa kuwa hupeperuka na kujisokota kwenye panga la injini. Ndoo ikae mbele, upande wa omo. Petroli ikae tezini, yaani nyuma.