Spalding yangu miezi 8 sasa, na kumbe Spalding ni mtu!

Wadau wa kikapu, sisi tunachezea kwenye saruji yenye mchanga, ile inayokula mpira kama msasa. Mwaka jana nilipigwa, muuzaji mmoja wa mtandaoni kaniuzia "Spalding" ya elfu 25, wiki ya tatu tu ikaota nundu kama embe bovu, ukiidunda inaenda inakotaka yenyewe. Feki. Nikajichanga nikachukua OG, yaani orijino, ile ya raba ya kuchezea nje saizi 7, mpaka leo mwezi wa nane vipele vimelika kidogo tu na upepo naongeza labda mara moja kwa mwezi, gripu ipo hata mkono ukiwa na jasho.

Sa juzi nipo benchi nasubiri zamu nikagugo hilo jina, mi nilijua ni kiwanda tu. Kumbe ni mtu bwana, Albert Spalding, kazaliwa Illinois, Marekani, na wala hakuwahi kuwa wa kikapu maana anastaafu kikapu chenyewe bado hakijabuniwa. Alikuwa mrushaji wa besiboli, enzi hizo unarusha mkono ukipita chini ya kiuno na timu inamtegemea mrushaji mmoja karibu msimu mzima. 1875 akiwa Boston kashinda mechi 54 kapoteza 5!! Mwaka uliofuata kahamia Chicago wakabeba ubingwa wa kwanza kabisa wa National League, ligi ya besiboli ya Marekani, timu ilishinda mechi 52, yeye peke yake 47. Na mwaka huohuo akafungua duka la vifaa vya michezo na mdogo wake Walter.

Ila iliyoniacha hoi ni ya glavu. Zamani walidaka mikono mitupu, ukivaa glavu unaonekana legelege. 1877 jamaa kaacha kurusha kaenda kucheza besi ya kwanza, nafasi ya kudaka mipira mingi, katinga glavu nyeusi mbele ya watu wote, na yeye ndo staa, nani amcheke? Alafu ukizitaka, dukani kwake zipo 😂 Huyo mjanja wa mjini kabisa. 1878 akatundika daluga, hajafika hata 30, akabaki na biashara, na mpira rasmi wa National League ukawa wa kwake.

Haya turudi kwenye mpira, ukienda kununua udunde kwanza palepale dukani, pitisha kidole kwenye mistari, feki nyingi mistari yake imechorwa tu haina kina. Kuna mwenye pampu ambayo sindano haikatiki? Zangu mbili zishakufa.