The Grapes of Wrath: kitabu na filamu havikuniacha mahali pamoja

Nilianza na riwaya ya John Steinbeck, iliyotoka mwaka 1939, kisha wiki iliyofuata nikaitazama filamu aliyoiongoza John Ford mwaka 1940. Kisa ni kilekile: familia ya Joad inaondolewa kwenye ardhi iliyokuwa ikiilima huko Oklahoma, inapakia kilichobaki kwenye gari kuukuu na kushika njia ya California kutafuta vibarua. Hata hivyo, huzuni niliyobaki nayo baada ya kitabu haikufanana na ile ya filamu.

Filamu nisiidhulumu. Usiku wa kuondoka, Mama Joad anakaa peke yake na kijisanduku cha kumbukumbu zake, akiviangalia vitu kimoja kimoja na vingine akivitia motoni, halafu anazishika hereni masikioni na kujitazama kwenye kioo. Kitabuni pia hulifungua sanduku hilo, hutoa pete na hereni, kisha huliweka lenyewe juu ya makaa. Lakini kioo hakimo. Kioo ni cha filamu, na Jane Darwell, aliyepata tuzo ya Oscar kwa uigizaji huo, alinionyesha kwa uso wake tu kwamba mama huyu mchapakazi aliwahi kuwa msichana. Nilipokuwa nikisoma, jambo hilo lilinipita.

Filamu, kwa upande wake, imeziacha zile sura ambazo familia ya Joad haimo kabisa. Ninayoipenda zaidi ni ya tatu, ya kobe anayevuka barabara: dereva mmoja anamkwepa, mwingine anamgonga kwa makusudi, naye anabiringika, anajigeuza polepole na kuendelea na safari, huku mbegu zilizonasa mwilini mwake zikidondoka na gamba lake likizifukia udongoni. Ni kurasa chache tu, nazo zimebeba safari nzima.

Kinachonisumbua hasa ni mpangilio. Katika riwaya, familia inafika kwanza kwenye kambi ya serikali, yenye maji, vyoo na kamati za wakazi wenyewe, ila kazi hakuna na inabidi waondoke. Baada ya hapo ndipo yanapokuja mashamba ya mapichi, kuuawa kwa Casy, aliyekuwa mhubiri na aliyesafiri na familia hiyo, uchumaji wa pamba, mafuriko, na mtoto wa Rose of Sharon, binti wa Mama Joad, anayezaliwa akiwa amekufa. Filamu imevigeuza: mapichi na mauaji yanatangulia, kambi inafuata, hivyo kisa kinapanda taratibu kuelekea faraja, hadi Mama Joad anaposema, wakiwa safarini, kwamba watu kama wao hawamaliziki. Maneno hayo ni mazuri na yalinigusa, lakini nilihisi nimefarijiwa kabla ya wakati. Steinbeck anatuacha ghalani, mvua ikinyesha, Rose of Sharon akimnyonyesha mwanamume asiyemjua aliyekaribia kufa kwa njaa. Ukurasa huo niliusoma mara tatu kabla ya kukifunga kitabu.

Ningemshauri msomaji aanze na riwaya, kwa sababu filamu haimwandai kwa mwisho huo hata kidogo. Nilipoitazama kwa mara ya pili, Mama Joad akizungumza na gari likisonga mbele, mawazo yangu yote yalikuwa kwa Rose of Sharon, ambaye katika filamu bado hajajifungua.