Uzoefu wangu: mamlaka ya maji kututengenezea bomba la chini ya ardhi bure, huku mlimani Mwanza

Naanza na swali ambalo kila mtu mtaani ananiuliza, eti kweli mamlaka wanatengeneza bure? Ndiyo, ni bure. Hawakuchukua hata mia, si ya fomu, si ya bomba, wala ile "soda ya mafundi". Nilikuwa najua lazima kuna sehemu watachomekea hela, maana Bongo hii mtu hakupi cha bure hivihivi, lakini mpaka wanapakia masururu yao kwenye gari hakuna aliyenyoosha mkono. Ila hiyo bure ina mipaka yake na ndiyo nataka niiongelee, sababu gari la matangazo lilivyopita na spika likisema "tunatengeneza mabomba ya wateja bure", watu wakajua wanawekewa bomba jipya mpaka bafuni.

Iko hivi. Kawaida bomba likipasuka kabla ya dira, yaani mita ya maji, ni la mamlaka, likipasuka baada ya dira ni lako wewe na fundi wako. Mjini tambarare hiyo haina shida kubwa, dira iko getini, kutoka hapo mpaka jikoni ni hatua chache. Sasa njoo kwetu Bugarika huku juu kwenye mawe. Jabali limekaa pale toka dunia inaumbwa, mashine ya kuchimba haipandi, kwa hiyo dira zetu zimepangwa chini karibu na barabara, nyingi zimebanana kwenye ukuta wa mtu mmoja, halafu kila mwenye nyumba anapandisha bomba lake mwenyewe, linapita pembeni ya ngazi, linaingia uchochoroni, linazunguka nyuma ya choo cha jirani, linaibuka juu ya jiwe, linazama tena. La kwangu lina kama mita 40 hivi. Zote hizo ni zangu, zikivuja nalipa mimi, na sehemu kubwa sizioni kwa macho.

Na zilikuwa zinavuja kweli. Bili yangu ilikuwa inacheza kwenye 18,000, ikaanza kupanda, ikafika karibia 60,000 na wakati huo watoto wawili wako bweni. Nilidhani msoma dira anakadiria tu akiwa amekaa kwenye bodaboda. Kabla hujaenda kugombana na mtu ofisini fanya hivi: funga koki zote za nyumbani, hakikisha na boya la simtanki limefunga, kisha shuka ukaiangalie dira. Kuna kale kanyota kekundu kanazunguka maji yakipita. Koki zote zimefungwa na bado kanazunguka? Basi kuna mahali yanaenda. Changu kilikuwa kinazunguka taratibu tu, ukikitazama unasema aah si kitu, nikaweka saa ya simu, lita moja ilikuwa inapita kwa kama dakika mbili. Piga hesabu: saa moja lita 30, siku nzima lita 720, yaani ndoo 36 za lita 20 zinamwagika usiku na mchana bila mtu kunawa hata mkono. Uniti moja ni lita 1,000, kwa mwezi ni uniti 21 na ushee. Ndo hela yangu hiyo ilikokuwa inaenda.

Sasa kilichonisumbua kichwa ni kwamba hayo maji yakishapita kwenye dira mimi nayalipia. Wao wanapata hasara gani mpaka waje kunitengenezea bure? Nilimuuliza yule kiongozi wa mafundi waziwazi, kaka hapa mnafaidika nini. Akacheka, akanieleza vizuri tu. Kwanza mtu akipata bili ya 60,000 ambayo haelewi, halipi, deni linakua, anakatiwa, halafu usiku anajiungia mwenyewe bila dira, hapo mamlaka inakosa vyote. Pili dira za kawaida yakipita maji kidogo sana hazisomi vizuri, kwa hiyo mivujo midogomidogo ya mlima mzima inawapotea bila kuhesabiwa popote. Tatu, na hili ndilo lililonishtua, maji yakikatika presha inashuka na lile tundu linalotoa maji nje linaanza kuvuta uchafu kuingia ndani. Fikiria bomba linapita nyuma ya choo, mvua imenyesha, mnajua wenyewe vyoo vya milimani mvua ikinyesha, halafu maji yakirudi yanakuja mpaka kwenye glasi yako. Toka siku hiyo nachemsha hata ya kupigia mswaki, mke wangu ananiona nimechanganyikiwa.

Dada yangu yuko Marekani, nilivyomsimulia akanishangaza, kwao ni mambo hayohayo ila ya gesi. Kampuni inaishia kwenye mita, bomba lililozikwa kutoka hapo kwenda ndani ni la mwenye nyumba, na sheria yao inaitaka kampuni imwandikie mteja kabisa kwamba hilo bomba hatulitunzi sisi, likaguliwe, lisije likaoza na kutu likavujisha. Mtu anasoma barua anaweka kabatini. Sasa kampuni yao imejitolea kuwatengenezea bure, na majirani zake nao wanauliza swali lilelile nililouliza mimi, kwamba hawa wanataka nini. Gesi ikivuja nyumba inaruka, yangu ni maji tu, lakini wasiwasi wa kitu cha bure ni mmoja dunia nzima naona.

Tuje kwenye huduma yenyewe. Kujiandikisha ni rahisi, unapeleka namba ya akaunti na bili ya karibuni, wanakuja kukagua kama kweli uvujaji uko baada ya dira na uko ardhini. Kusubiri ndo kazi. Meseji inakuja "mafundi watafika kesho", kesho inapita, unapiga simu unaambiwa wako Mkolani, siku nyingine unaambiwa gari liko gereji. Mimi ninafanya kazi zangu Kirumba sokoni, kukaa nyumbani kusubiri mtu asiyekuja ni kupoteza hela, bora wangesema tu asubuhi au jioni. Hapo nawapa alama za chini kabisa.

Walipokuja ndo nikawasamehe nusu. Alikuja baba mmoja mtu mzima, anasalimia "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, kila mlango anaopita, mkononi ana nondo ndefu nyembamba yenye kikombe kwenye ncha. Nikajua ni ya kuchimbia. Kumbe ni ya kusikilizia! Akaiweka ncha moja kwenye koki ya chini, kikombe akakibana sikioni, akafumba macho, akaomba wale vijana wa banda la kunyolea wapunguze singeli. Akasikiliza, akapanda ngazi kadhaa, akachomeka tena ardhini. Akaniita nami nisikilize. Kweli bwana, inasikika shiii ya mbali, kama dagaa wanakaangwa nyumba ya tatu. Ila akaniambia bomba la plastiki halipelekei sauti vizuri kama la chuma, kwa hiyo sikio peke yake halitoshi, akaanza kuangalia majani. Kiangazi kile kila kitu kimekauka, ila pembeni ya ngazi za jirani kulikuwa na majani mabichi yamenawiri, na mama jirani miaka yote anajisifu mchicha wake pale haumwagiliwi. Maskini, alikuwa anamwagiliwa na mimi.

Kulikuwa na mvutano kidogo kuhusu huo mchicha. Mama alisema hakuna kuchimba kwake mpaka mjumbe aje, na ana haki, bomba ni langu uwanja ni wake. Mafundi wao walikaa pembeni kabisa, wakasema hayo malizaneni wenyewe sisi tunaandika tu kwamba njia haijapatikana. Kwa hiyo kama bomba lako linapita kwa watu, ongea nao mapema, usisubiri siku wamekuja na chepe. Kwetu mjumbe alifika, tukakubaliana, nikaahidi kumnunulia mbegu.

Walichofukua kilinichosha. Bomba limelazwa moja kwa moja juu ya ukingo wa jiwe, bila mchanga chini, likiwa na maji yenye presha linacheza kidogo, yakikatika linalegea, miaka na miaka linasuguliwa palepale mpaka likatoboka. Juu kidogo kuna kiungio ambacho fundi wa mtaani alikifunga na mpira wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa na kuzungushwa, umeoza. Yule baba akasema toka chanzo kipya cha Butimba kianze kuleta maji, kile cha lita milioni 48 kwa siku, presha sehemu nyingi imeongezeka, na vitu vya namna hii ndo vinaachia, zamani maji yalikuwa ya kubahatisha, tundu linapumzika siku nzima. Akanifundisha na hesabu, kila mita 10 za mwinuko ni presha ya bar 1, ndo maana wa chini bomba linapiga kama mpira wa zimamoto na wa juu wanabaki wanasikiliza upepo kwenye koki.

Wakakata kipande chote kibovu, wakaweka bomba jipya, lile jeusi lenye mistari ya bluu, viungio vya kukaza, na wakaweka koki mpya pale chini baada ya dira ili siku nyingine nifunge mwenyewe bila kumtafuta mtu. Mchanga wa kulazia bomba wakasema niutafute mimi, hiyo haikuwa kwenye tangazo. Kupandisha mchanga huku mlimani ni wa kichwani, vijana walinitoza kwa ndoo. Kwa hiyo bure, ila kuwa na akiba.

Sehemu ambayo nataka mtu yeyote anayesoma aikamate ni hii: usikubali wafukie kabla ya kufungulia maji. Walikuwa wameshaanza kurudisha udongo, jua linazama, wanataka kuondoka. Nikawaambia wakubwa zangu naomba tufungulie kwanza. Kijana mmoja akanuna. Yakafunguliwa, kiungio cha juu kikaanza kutoa jasho, tone, tone. Kingefukiwa hicho ningerudi kulekule baada ya muda, na wao wangeandika kazi imekamilika. Akakikaza, tukafunga koki zote za nyumbani, nikashuka na tochi kuangalia dira. Kanyota kamesimama. Nilikaa pale nakatazama, hakatikisiki hata kidogo. Nikawapigia kelele kutoka chini, haya fukieni sasa!

Ambacho hawafanyi: hawagusi mabomba ya ndani ya nyumba, wanaishia kwenye ukuta. Hawagusi bomba linalopita juu ya ardhi, jirani yangu wa juu lake limelazwa juu ya jabali linaonekana lote, kaambiwa hilo halimo. Na kubwa kuliko yote, hawarudishi walichovunja. Uchochoroni kulikuwa na zege tulilochanga wote, wamevunja kipande kirefu, wakafukia na udongo wakaondoka, mvua ikija huo udongo unashuka wote barabarani. Nimeuliza, nikajibiwa hiyo ni juu ya mteja na ipo kwenye fomu. Ipo kweli, maandishi madogo nyuma. Hapo sijapenda, maana uchochoro si wangu, na sasa watu wazima wa mtaa wananiangalia mimi kila wakijikwaa.

Matokeo? Bili imerudi kwenye hali yake. Simtanki sasa linajaa lenyewe usiku, zamani lilikuwa linaishia nusu na mimi nalaumu kwamba tunaonewa watu wa mlimani. Mama jirani mchicha umekauka, naona aibu, namwachia ndoo moja moja.

Kwa ambao mnaishi nyumba za kupanga: fomu inasainiwa na mwenye nyumba, akaunti ikiwa kwa jina lake wewe huwezi kuomba peke yako, kwa hiyo mtafute mapema kama anakaa Dar. Piga picha ya dira kabla na baada, na piga picha ya mtaro ukiwa wazi ujue bomba limepita wapi, itakusaidia siku unataka kujenga choo au kuchimba msingi.

Na maji yaliyokwisha kumwagika hayasamehewi. Mimi nilidhani kwa kuwa wao wenyewe wamekiri lilikuwa linavuja basi ule ushee wa miezi ya nyuma watapunguza, wapi, yamepita kwenye dira yamepita. Nimeomba wanigawie kwa awamu, yule dada wa dirishani kakubali, kaniambia lipa nusu mwezi huu nyingine mwezi ujao, ila ni kwa mdomo tu, meseji ya kuthibitisha bado haijaingia na kontrol namba niliyonayo, ile ya kulipia bili, inasoma deni lote.