Choo cha mkono cha boti: raba mpya, pampu mpya au choo kizima?

Choo ninachokitathmini hapa ni kile cha kawaida, chenye bakuli la kauri, kitako cha plastiki na pampu ya mkono ubavuni, kinachovuta maji ya bahari kwa bomba la milimita 19 na kusukuma uchafu nje kwa bomba la milimita 38. Changu nilikikuta ndani ya boti nilipoinunua, na kilikwisha kuzeeka. Kilipoanza kurudisha maji machafu bakulini, mpini ukawa mzito na maji yakachuruzika kwenye ufito wa pistoni, ilinibidi niamue kama nitakitengeneza au nitaking'oa.

Nilianza na seti ya raba, ambayo huwa na sili ya ufito, oringi (pete ya raba) ya pistoni, valvu bapa, na ile valvu ya kutolea uchafu yenye midomo kama ya bata. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote nilifunga koki zote mbili za kwenye ganda la boti, ya maji yanayoingia na ya uchafu unaotoka, kwa sababu bakuli la choo cha boti mara nyingi hukaa chini ya usawa wa maji ya nje, na bomba likifunguliwa huku koki iko wazi, chombo chaweza kuzama kikiwa kimetia nanga. Kazi yenyewe ilichukua asubuhi moja. Valvu ya midomo ilikuwa imekakamaa na kubaki wazi, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikirudisha maji. Nilipoibadilisha, tatizo hilo likaisha siku hiyo hiyo, na kwa hilo pekee seti naisifu bila kusita. Mchuruziko wa pampu, hata hivyo, ulirejea baada ya wiki chache, kwa kuwa ukuta wa silinda na ufito wenyewe vilikuwa vimechubuka, na raba mpya haiwezi kuziba juu ya michubuko. Ningepitisha ukucha ndani ya silinda tangu mwanzo ningeligundua hilo mapema, na ndicho kipimo ninachomshauri kila mwenye boti akifanye kabla ya kununua chochote.

Mpini mzito una habari nyingine kabisa. Mkojo ukikutana na maji ya bahari huacha utando mgumu mweupe wa chokaa, ambao hujijenga taratibu ndani ya bomba la kutolea hadi tundu linakuwa jembamba, na mtu akailaumu pampu isiyo na kosa. Niliondoa bomba hilo kwenye pampu, nikasukuma maji safi kidogo kuelekea kwenye ndoo, na mpini ukawa mwepesi papo hapo. Kwa hiyo choo kipya kisingenisaidia lolote. Asidi hafifu huyeyusha utando mwembamba, mradi isichanganywe kamwe na dawa ya klorini, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Bomba langu lilikuwa limepita hatua hiyo, nikaweka jipya. Harufu nayo ina kipimo chake: sugua bomba kwa kitambaa kilicholowa maji moto, kisha unuse kitambaa, kikinuka, bomba limeshapenyeza na halisafishiki.

Hatimaye nilinunua pampu nzima inayofungwa kwenye kitako kile kile, ikiwa na silinda, ufito na raba zake, na hili ndilo chaguo ninalolipa alama za juu. Bakuli la kauri halichakai kwa kutumika, hivyo sioni sababu ya kulitupa kwa kosa la pampu. Sharti ni kuhakikisha kuwa pampu inalingana na toleo la kitako, kwa kuwa matundu ya skrubu hutofautiana.

Choo kizima ningekinunua tu kama bakuli lina ufa, kitako kimepinda, au vipuri havipatikani tena. Matundu ya sakafuni huenda yasilingane, na mabomba yakahitaji kupindwa upya. Aliyeamua kung'oa kabisa aufikirie pia muundo wa Lavac, ambao hauna pampu iliyoshikamana na bakuli: kifuniko huziba, pampu ya kando huvuta hewa, na ombwe hilo ndilo linaloingiza maji ya kusuuzia. Sehemu zake za kuharibika ni chache mno, ingawa raba za kifuniko lazima ziwe nzima.

Njia yoyote utakayoichagua, fungua pia valvu ndogo ya hewa iliyo kileleni mwa kitanzi cha bomba kinachopanda juu ya usawa wa maji, kwani chumvi huiziba na bahari ikapata njia ya kujivuta yenyewe hadi bakulini. Yangu ilikuwa imeziba kabisa. Niliisafisha kwa maji baridi, nikairudisha, na valvu moja ya midomo ya akiba sasa imo ndani ya kisanduku cha vifaa.