Tiny File Manager kwenye steshenari: kuiweka ni rahisi, mipangilio ndiyo kazi

Nina steshenari maeneo ya Mwanga, Kigoma, na kilichonichosha ni flashi. Kadi ya harusi inachorwa kompyuta ya ndani, printa iko kaunta, katikati flashi inazunguka kutwa na virusi vyake. Kutumiana kwa barua pepe watu wa chumba kimoja ni kuchoma bando. Ndipo nikaweka Tiny File Manager, programu ya kutunza na kugawana mafaili: ya bure, faili moja tu la PHP (lugha ya programu za wavuti) unalotia kwenye folda ya Apache, yaani seva ya wavuti kwenye kompyuta yako, na kila kompyuta au simu iliyo kwenye ruta inaifungua kwa kivinjari. Mafaili yenyewe hayapiti kwenye intaneti, ingawa mwonekano wa kurasa zake huvuta vipande kutoka mtandaoni.

Inakuja na watumiaji wawili (jina/nenosiri), admin/admin@123 na user/12345, na hayo yanajulikana na kila aliyesoma maelekezo yake. Badilisha kabla hujampa mtu anwani. Nenosiri jipya huliandiki kama lilivyo. Inataka hashi, yaani nenosiri lililogeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka, nami naitengeneza kwa password_hash ya PHP. Marekebisho yote weka kwenye config.php, faili la mipangilio, pembeni ya faili kuu, la sivyo ukileta toleo jipya yanafutika.

Niliyoipenda ni $directories_users, mpangilio wa kumpa kila mtumiaji folda yake. Kijana wa kaunta akiingia anaona folda ya kazi za kuprinti tu, na kwa kuwa jina lake liko pia kwenye $readonly_users, orodha ya wanaosoma tu, anapakua lakini hafuti kitu.

Sikupenda $root_path, yaani folda kuu ya mafaili, ilivyowekwa. Inaanzia kwenye folda ileile ya seva ya wavuti, maana yake cheti cha mteja au nakala ya kitambulisho cha NIDA inafunguka kwa yeyote aliye kwenye ruta akijua anwani ya faili, hata bila kuingia. Nimehamishia nje ya folda hiyo. Hasara yake, picha hazionekani tena palepale, mpaka uzipakue. Kwa kadi za harusi inakera kweli, lakini vyeti vya watu ni dhamana.

Saa nayo ilisoma UTC (saa ya kimataifa), saa tatu nyuma yetu, nikaandika Africa/Dar_es_Salaam.

Kwa ofisi ya watu watatu wanne naipa nyota nne. Mwenye wafanyakazi wengi wanaobadilika kila mwezi atachoka, kwani kila mtumiaji mpya ni kufungua config.php na kumwandika kwa mkono.