Supu ya kombe ya Fumba na bango lake la kolesteroli

Katika mgahawa mdogo wa kinamama uliopo ufukweni Fumba, kisiwani Unguja, chakula kinachostahili kusifiwa kwanza ni supu ya kombe. Kombe huchokolewa maji yakipwa, huachwa katika maji ya bahari mpaka ziteme mchanga, kisha huchemshwa hadi zifunguke. Mchuzi wake ni mwepesi, wenye ndimu, tangawizi na pilipili mbuzi, na katika bakuli langu hapakuwa na hata chembe ya mchanga.

Ukutani limetundikwa bango lisemalo kwamba kombe na chaza huondoa kolesteroli mwilini. Dai hilo lina asili yake. Panya wa maabara waliolishwa kolesteroli nyingi, wakiongezewa taurini, aina ya asidi ya amino ambayo ni nyingi katika nyama ya kombe, chaza na pweza, ini lao hugeuza kolesteroli zaidi kuwa asidi za nyongo, nazo hutoka na kinyesi, na kiwango cha damuni kikashuka. Tena kombe na chaza hula vijimea vya baharini, kwa hiyo nyama yao ina steroli, yaani mafuta ya mimea yanayofanana na kolesteroli, ambazo utumboni huizuia kolesteroli isifyonzwe yote. Hata hivyo, panya akila kolesteroli nyingi, ini lake huongeza utengenezaji wa asidi za nyongo kwa wepesi ambao ini la binadamu halina, na asidi hizo yeye huziunganisha zaidi na taurini, ilhali sisi huziunganisha zaidi na glisini, asidi nyingine ya amino. Kwa hiyo, kwa mgonjwa anayemeza dawa za kolesteroli, bango hilo linaahidi kupita kiasi, na ningependa liondolewe.

Kasoro kubwa zaidi iko jikoni. Chini ya bango hilo hilo huuzwa kamba waliozamishwa katika mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, na pweza wa tui zito, ambalo mafuta yake huipandisha kolesteroli mbaya. Kamba wenyewe hawana lawama hiyo yote: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1996, watu waliokula gramu 300 za kamba wa mvuke kila siku walipanda kolesteroli mbaya kwa takriban asilimia 7, na nzuri kwa asilimia 12. Mpishi akiombwa kuwachemsha hukubali bila ya kinyongo, na huwa watamu zaidi.

Supu huliwa na muhogo au mkate wa ufuta. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hupatikana hadi jioni. Siku za maji mafu, yanapopwa kidogo tu, huisha mapema, basi ni vyema kuagiza asubuhi.