Plagi za EJ20 ya turbo: ipi ununue, ipi uiache dukani

Subaru Impreza WRX na Forester za turbo zenye injini hii ya EJ20 (lita 2.0), zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1990 na katikati ya 2000 bado zimejaa Nairobi, na nyingi zinatembelea plagi zisizo zake. Duka la spea litakuuliza unataka platinamu au iridiamu. Wewe anza na namba ya joto na mwanya (nafasi kati ya ncha mbili ambayo cheche huiruka), metali baadaye.

Chukua plagi iliyoandikwa NGK BKR6E. B ni uzi wa milimita 14, K ni kichwa cha spana ya 16, R ni rizista ya kuzuia kelele kwenye redio na kompyuta ya gari, 6 ni namba ya joto, E ni uzi wenye urefu wa milimita 19. Ikifuatiwa na -11, mwanya wake ni milimita 1.1. Kwa NGK namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, yaani inapitisha joto haraka kwenda kwenye silinda hedi. Denso nao hupanda vivyo hivyo, 20 yao ni sawa na 6, na 22 ni 7. Bosch na Champion huhesabu kinyume, kwa hiyo usilinganishe namba tupu. Angalia pia urefu wa uzi: injini ya lita 2.5 ya Impreza STI huchukua plagi ya milimita 26.5, na hiyo ukiifunga kwenye hedi ya milimita 19 ncha inaweza kugonga pistoni.

Ya kwanza: NGK PFR6G. Ni platinamu, joto 6, mwanya 0.8. Kama turbo na kompyuta ni za kiwandani, usihangaike zaidi. Platinamu iko ncha zote mbili, ya kati na ya chini, na hilo lina maana kubwa kwa injini zenye koili moja inayolisha waya nne: humo silinda mbili hupata cheche inayokwenda kinyume, na ncha ya chini huliwa upesi. Inadumu, na kwenye Subaru kudumu ni pesa, maana injini imelala na plagi zinatazama ubavu wa chesi. Kuzifikia kunataka kutoa betri, chupa ya maji ya waipa na boksi ya ea-klina.

Ya pili, lakini ya kwanza kwa gari iliyotuniwa: NGK BKR7E. Hii ni nikeli. Watu huiita "kopa", ingawa kopa iko ndani tu. Ukiongeza presha ya turbo, ncha ya plagi ya 6 inaweza kupita nyuzi 850 za Selsiasi, mchanganyiko ukawaka kabla ya cheche na pistoni ikavunjika. Weka mwanya wa 0.7. Ibadilishe kila kilomita 15,000 hivi. Ni bei rahisi, haiumi. Usiifunge kwenye gari ya kawaida inayoshinda kwenye foleni: ncha isipofika nyuzi 500 haijisafishi, masizi yanajaa na injini inaanza kumisi.

Ya tatu: BKR6EIX au Denso IK20. Iridiamu hizi zina ncha nyembamba (ya Denso ni milimita 0.4), kwa hiyo cheche huruka kwa umeme mdogo. Zinasaidia koili iliyozeeka. Ila haziongezi nguvu kama wauzaji wanavyodai, na ncha ya chini ni nikeli, hivyo usitarajie zidumu kama PFR6G.

Ya nne: BKR6E. Inafaa ukiwa unatafuta ugonjwa wa injini na hutaki kuchafua plagi ghali.

Za kuacha: zenye ncha tatu au nne, na yoyote ya -11. Hewa iliyobanwa na turbo ni ngumu kuvukwa. Mwanya wa 1.1 utaona gari ni tulivu silensa ikipiga polepole, kisha inakatakata ukikanyaga.

Feki ni nyingi. Ya NGK halisi, gasketi yake haichomoki kirahisi kwa vidole. Pima kwa multimita toka juu hadi ncha ya kati: plagi ya rizista huonyesha takriban kiloomu 3 hadi 7.5. Ikisoma sifuri, irudishe.

Funga injini ikiwa baridi, hedi ni aluminiamu. Puliza mashimo kwa hewa kwanza. Ukikuta oili shimoni, badilisha sili za rocker cover kabla ya plagi, vinginevyo oili itaharibu buti za koili. Anza kuzungusha kwa mkono na ekstensheni tupu, kisha kaza Nm 21. Huna spana ya toki? Ikishagusa, ongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Usipake grisi kwenye uzi, itakufanya ukaze kupita kiasi. Mwanya wa iridiamu pima kwa waya, usiichokonoe ncha ya kati.

Plagi kuukuu zipange kwa mpangilio wa silinda: 1 na 3 ni upande wa kulia wa gari, 2 na 4 kushoto. Itazame sana ya 4. Ukiona vidoa vidogo kama chembe za pilipili manga, vinavyong'aa, kwenye kauri, ni aluminiamu ya pistoni: injini imekuwa ikinoki, yaani mchanganyiko unalipuka ovyo ndani ya silinda. Usiwashe na plagi mpya kabla hujapima kompresheni.